Baada ya kiharusi, chumbani mnarudije?

Hii naandika kwa ajili ya wawili, yule aliyepata kiharusi na yule anayelala naye, maana maswali yenu ni yale yale ila kila mmoja anamficha mwenzie. Kazi yangu ni mazoezi ya viungo, nazunguka majumbani hapa Dar kuwafanyisha mazoezi watu waliopalalaizi, na hakuna kitu naulizwa kwa kuzungushwa kama hiki. Mke anatuma sauti ya WhatsApp saa nne usiku, nusu nzima ni salamu na habari za watoto, alafu mwishoni kabisa haraka haraka, "na lile jambo lingine je dada, si litamuua?" Mume naye tukibaki wawili anaanza na goti, anahamia kwenye bega, anazunguka weee mpaka anafika.

Jibu ni kwamba kwa watu wengi haliui. Mtu akishatulia, presha imeshikwa na dawa, hali haibadiliki badiliki, tendo la ndoa anaruhusiwa, na kiharusi kuja katikati ya tendo ni jambo la nadra sana. Kwa mtu mwenye presha ya kawaida, moyo wakati wa tendo mara nyingi hauzidi mapigo 130 kwa dakika na presha ile namba ya juu ni mara chache ivuke 170, tena pale kileleni ni muda mfupi tu alafu inashuka. Kazi anayoipata mwili ni sawa na kutembea kwa haraka au kupanda ngazi za ghorofa mbili. Najua utasema mtu mguu mmoja hauendi utampandisha ghorofa gani, ni kweli, ndo maana mimi naangalia mazoezi. Kama anaweza kusimama na kukaa mara kadhaa, kutembea na fimbo pale uani kwenda na kurudi, bila kubanwa kifua, bila kizunguzungu, bila kuhema mpaka ashindwe kuongea, na ukimpima presha baada ya hapo haijapaa, huo mwili una uwezo.

Wa kungoja wapo. Aliyevuja damu kichwani, hasa yule wa mshipa kuvimba ukapasuka, asirudi mpaka daktari atamke kwa mdomo wake. Ambaye presha yake akiwa amekaa tu inasoma 180 kwa 110 kwenda mbele, aishushe kwanza. Anayebanwa kifua, au mapigo ya moyo yanaruka ruka na hajatibiwa, naye hivyo hivyo. Wengine wote hamna idadi ya siku iliyoandikwa mahali, ni utulivu wa hali na utayari wenu.

Muulizeni daktari, yeye hatawauliza

Hapa nasisitiza kuliko pote. Kliniki zetu foleni ni ndefu, daktari ana dakika chache, atakuuliza dawa unakunywa, chumvi umepunguza, sukari ikoje, anakuandikia tarehe ya kurudi basi. Hilo jingine halitaji, na wewe usipolitaja mtaondoka nalo mwaka wa kwanza na wa pili. Na msione aibu kama vile ni nyie peke yenu, ule utafiti uliofanyika wilaya ya Hai kule Kilimanjaro na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta kiharusi kwa Dar kipo juu kuliko nchi nyingi za matajiri, kwa hiyo lile benchi mnalokaa iwe Muhimbili, KCMC, Bugando au Mnazi Mmoja kule Zanzibar limejaa watu wenye swali hilo hilo mdomoni.

Sema hivi tu: "Daktari, tunataka kurudi kwenye tendo la ndoa, hali yake inaruhusu? Na kwenye hizi dawa kuna inayopunguza nguvu au hamu?" Maneno hayo yanatosha, hakuna haja ya kuingia chumbani kwenu mbele ya mtu. Kama mdomo ni mzito andika kwenye karatasi uichomeke ndani ya kadi ya kliniki, akiifungua ataikuta. Baba wa miaka sitini anayemwona daktari ni binti wa umri wa mwanae anaweza kuomba aongee na nesi au daktari wa kiume, hilo linaeleweka na halimvunjii mtu heshima. Na nendeni na dawa zote, vipaketi vyenyewe, sio kusimulia "kile cheupe cha duara".

Kwa nini hamu imepotea

Watu wengi wakiona mzee hasimamishi au mama hataki wanajua kiharusi kimekata waya. Mara chache ndo hivyo. Mara nyingi ni mchanganyiko, sukari na presha vilikuwa vinakula mishipa miaka kabla ya kiharusi chenyewe, juu yake dawa, juu yake uchovu, juu yake hofu, na chini ya vyote sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Hii sonona ni kubwa, karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi inampata, na haiji kwa kulia tu, inakuja kwa ukimya, kulala mchana kutwa, kukataa chakula, kukasirikia watoto, kusema "mimi saivi ni mzigo". Mtu wa namna hiyo ukimbembeleza kitandani unamuumiza zaidi, mpeleke atibiwe, sonona inatibika. Ila mwambie daktari kabisa kwamba ndoa nayo mnaijali, maana baadhi ya dawa za sonona zenyewe hupunguza hamu au huchelewesha kufika kileleni, na atachagua kwa kuangalia hilo.

Upande wa presha, zinazolalamikiwa zaidi ni atenololi na propranololi, na zile za kukojoza kama haidroklorothiazidi na bendroflumethiazidi (bendro). Baklofeni ya kulegeza misuli nayo inaweza kupunguza nguvu. Zipo zenye usumbufu mdogo kwenye jambo hili kama losartani na amlodipini, na daktari akijua shida yako anaweza kukubadilishia. Lakini nakuomba, tena nakuomba sana, usiache dawa mwenyewe "wikiendi hii tu nione". Hizi za kundi la atenololi ukizikata ghafla presha na mapigo ya moyo vinaruka juu, na hapo ndo unakiita kiharusi cha pili ambacho huwa hakina huruma kama cha kwanza.

Baba, angalia jambo moja kabla hujakata tamaa: asubuhi ukiamka inasimama yenyewe? Kama ndiyo, hata kama si kama zamani, mishipa na damu bado vinafanya kazi, na tatizo la usiku lina uwezekano mkubwa ni hofu, uchovu au mawazo. Hapo pa kuanzia pamepatikana.

Sasa vumbi la mkongo, ile dawa ya unga ya kuongeza nguvu za kiume. Najua linauzwa, najua jirani kashakuletea kwenye kipaketi cha nailoni, ameandikiwa "asili mia kwa mia". Hujui ndani kuna nini wala kipimo gani, na wewe una mishipa ya kichwani iliyokwisha kuonyesha udhaifu, unakunywa dawa za presha na pengine aspirini ndogo ya kuzuia damu isigande. Achana nalo. Viagra na ndugu zake ni dawa halisi na kuna waliopata kiharusi wanazitumia vizuri, lakini kwa kuandikiwa tu: ndani ya miezi 6 ya mwanzo baada ya kiharusi usiiguse mpaka daktari wako akubali, na kama una vidonge vya kifua vya nitrati, vile vya kuweka chini ya ulimi, hizo mbili hazikutani kabisa, presha inaporomoka mtu anazimika. Duka la dawa la mtaani hawatakuuliza swali hilo. Jiulize mwenyewe.

Chumba kwanza

Hapa watu huniangalia kwa mshangao lakini ndipo ndoa nyingi zinapokwama. Mgonjwa akirudi kutoka hospitali analazwa sebuleni, au chumbani anawekwa na godoro la pembeni analala mama yake au dada yake au kijana wa kumgeuza usiku. Ni upendo, na mwezi wa kwanza inahitajika kweli. Shida ni kwamba miezi inapita mgonjwa anakaa anakula na kugeuka mwenyewe, na lile godoro bado lipo. Mke analala na watoto. Hakuna aliyeamua, imekuwa tu.

Rudisheni chumba. Anayeliongea vizuri ni mgonjwa mwenyewe kama mdomo unaruhusu, "mama nashukuru, usiku saivi mke wangu ananitosha, wewe pumzika upate usingizi". Mkwe akiambiwa na mwanae anaelewa, akiambiwa na wewe itakuwa kesi ya ukoo. Kama mgonjwa haongei tafuteni shangazi au kaka mkubwa mwenye busara aseme kwamba daktari wa mazoezi anataka mgonjwa aanze kujitegemea usiku, na hilo sio uongo, kweli tunataka.

Alafu kitanda. Kuna baba mmoja Mbagala alikuwa dereva, upande wa kulia ndo umelegea. Kitanda chao kilisukumwa ukutani asianguke, akilala chali mkono wake mzima wa kushoto unagusa ukuta, na mkewe analala kulia kwake, upande ambao yeye hauhisi vizuri na hawezi kuunyanyua. Mama wa watu alikuwa anaamini mumewe hamtaki tena, kutwa hamgusi. Hamgusi kwa mkono gani? Tulikigeuza tu, mto wa kichwani ukaenda ulikokuwa wa miguuni, mama akawa kushoto kwake. Nilipokwenda tena mama alinisimulia kwamba usiku ule ule alishikwa mkono. Kwa hiyo kabla hujasoma mambo ya mikao, inuka uangalie kitanda chenu: mwenza alale upande wa mkono mzima. Wale waliopata kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo kuna wanaosahau kabisa upande wao wa kushoto, chakula cha kushoto kwenye sahani hawakioni, mtu wa kushoto hawamwoni, hao ndo usiwaanze kutoka kushoto, utamshtua.

Godoro lililobonyea katikati nalo ni adui, mtu mwenye nusu mwili hawezi kujigeuza kwenye shimo. Gumu kiasi ni bora.

Na jingine, anayekubadilisha pampasi saa mbili ni ngumu kuwa mpenzi saa tatu. Pale inapowezekana kazi za usafi wa mgonjwa zigawanywe, kaka yake au kijana wa kiume amwogeshe baba, dada au binti mkubwa kwa mama. Kama ni wewe peke yako, tenganisha basi: maliza dawa, maliza usafi, nenda kaoge, badili nguo, jifukize udi au jipake mafuta yako kama ulivyokuwa unafanya, urudi ukiwa wewe na sio nesi. Mgonjwa naye anyolewe, apigwe mswaki, avae shuka safi au kanzu safi, sio fulana ileile yenye uji. Nimeona wanaume wamebadilika uso kwa kunyolewa ndevu tu.

Anzeni na kugusana, tendo lisubiri

Wekeni makubaliano ya wazi kwamba wiki hizi za mwanzo hakuna tendo. Ukishaondoa mtihani mwilini presha ya kufeli inaondoka. Lala karibu, mpake mafuta ya nazi mgongoni, mshike kichwa, busu, cheka naye. Anza upande unaohisi, alafu pole pole vuka kwenda ule uliolegea ukimuuliza hapa unasikia? hapa je? Kuna sehemu atakuwa hasikii kitu, kuna sehemu zitakuwa kali mpaka shuka likimgusa anaruka, na kuna sehemu mpya zitaamka ambazo zamani hazikuwa na habari, shingo, sikio, kiganja. Huo mwili ni wa kujifunza upya wote wawili, yeye mwenyewe naye bado hajaujua.

Kama kauli imepotea, na hii hutokea zaidi kwa waliopooza kulia, msifanye kwa kukisia. Kubaliana mapema mchana: kidole gumba juu ni ndiyo, kiganja kimefunguka ni acha, kubana mkono mara moja endelea mara mbili simama. Jaribuni ishara hizo kwenye mambo ya kawaida kwanza, unataka chai, unataka uji, muone kama ndiyo yake ni ndiyo kweli, maana kuna wenye shida ya kauli wanatikisa kichwa ndiyo kwa kila kitu. Ambaye haelewi unachomuuliza, au leo anaelewa kesho haelewi, huyo hajakubali. Hapo mnabaki kwenye kushikana na kubembelezana kunakomtuliza, na ndoa haibadilishi hilo.

Mkao na muda

Muda mzuri ni alfajiri au asubuhi, mwili umelala umepumzika. Usiku mgonjwa wa kiharusi kachoka kwa namna ambayo mtu asiyeumwa haielewi, kuvaa shati tu kwake ni kibarua. Msianze tumbo likiwa limejaa ugali, ngoja masaa mawili matatu yapite, na pombe weka pembeni, inapandisha presha na inaua hicho hicho mnachokitafuta. Misuli ikiwa imekaza kama ubao, oga maji ya uvuguvugu kabla au mfanyie mazoezi mepesi ya kunyoosha. Maji uyapime kwa mkono mzima, upande uliolegea unaweza kuungua bila kusikia.

Mkao rahisi kuliko yote ni wote kulala ubavu, ama mkitazamana ama mmoja nyuma ya mwenzie. Aliyepooza akilalia upande uliolegea, mkono wake mzima unabaki juu uko huru kugusa na kushika, ila hakikisha lile bega limevutwa mbele kidogo, asililalie kwa uzito wote, likiuma badilisheni. Mkao wa pili ni yeye kulala chali, mto chini ya bega na mkono uliolegea, mwingine chini ya goti, na mwenza anakuwa juu na ndiye anayefanya kazi, huu unamfaa hata mwanaume ambaye mguu hauna nguvu kabisa. Wa tatu ni kukaa, kiti imara kisicho na mikono kilichoegeshwa ukutani, au kiti cha magurudumu breki zikiwa zimefungwa, sijui nirudie mara ngapi hizo breki. Usije ukavuta mkono uliolegea kumsogeza au kumgeuza, bega la mtu wa kiharusi linachomoka kirahisi na likichomoka maumivu yake ni ya miezi. Msogeze kwa kushika kiuno na nyuma ya bega. Mito ikikosekana khanga na vitenge vilivyokunjwa vinafanya kazi vizuri tu.

Mguu ukianza kutetemeka wenyewe au kukaza ghafla msiogope, sio kiharusi kinarudi, ni misuli. Simama, kunja goti taratibu, subiri ipite, endeleeni au muache.

Mkojo, mpira na kuoga

Hofu ya kujikojolea imewafunga watu wengi vyumba tofauti. Punguza vinywaji masaa mawili kabla, hasa chai na soda, nenda chooni kabla ya kuanza, tandika lile shuka la mpira wanalotumia hospitali au nailoni nene na juu yake taulo. Ikitokea imetokea, taulo litafuliwa.

Mwenye mpira wa mkojo (katheta), uliza kwanza kama bado anauhitaji, wengine wanakaa nao kwa sababu hakuna aliyeuliza. Kama lazima ubaki, tendo bado linawezekana: mwanaume mpira unakunjwa kurudi nyuma sambamba na uume alafu kondomu inavalishwa juu ya vyote viwili, mwanamke mpira unapandishwa juu na kubandikwa plasta tumboni au pajani usiwe njiani. Mwaga mfuko kwanza, osheni mikono na sehemu zenyewe kabla na baada, na mara ya kwanza nesi akuonyeshe. Usiuvute kuutoa mwenyewe hata iweje, ndani kuna kipulizo kimejazwa maji, utachana njia ya mkojo.

Kwa ndugu zangu Waislamu kuna jambo limewahi kunishangaza, mzee anakwepa mkewe kwa sababu ya josho la janaba, kuoga mwili mzima alfajiri kwake ni safari. Weka kiti cha plastiki bafuni chenye miguu imara, ndoo ya maji ya moto iliyochanganywa, kopo upande wa mkono mzima, na mke anamsaidia mgongo. Na kwa ambaye maji yanamdhuru kweli tayamamu ipo, muulizeni sheikh wenu, hatashangaa.

Mama aliyepata kiharusi

Wanawake mnasahaulika sana kwenye hili, kila mtu anaongelea nguvu za kiume. Ukavu, hasa kwa aliyekoma hedhi, unafanya tendo liume, na mwili ukishajua linauma unajifunga. Tumia kilainishi cha maji, KY kinapatikana maduka ya dawa. Vaselini na mafuta ya kupikia yanachana kondomu, usitumie pamoja. Na mume ajue kwamba mkewe sasa anahitaji muda mrefu zaidi wa kuandaliwa, upande mmoja wa mwili unachelewa kupokea habari.

Kama bado unapata hedhi hili ni la lazima: vidonge vya majira vyenye homoni mbili, vile vyenye estrojeni, kwa aliyewahi kupata kiharusi ni marufuku maana vinaongeza damu kuganda. Sindano ya miezi mitatu nayo kwa kawaida haishauriwi. Kitanzi cha shaba hakina homoni na kinafaa, kondomu zinafaa, kufunga kizazi kama mmemaliza, na vijiti vya mkononi ni vya kujadili na mtoa huduma. Mwambie wazi nesi wa uzazi wa mpango "nilipata kiharusi", maana akikuona umetembea vizuri hatajua. Na kupata mimba bila kupanga ukiwa unatumia losartani, enalaprili, au warfarini ni hatari kwa mtoto, kwa hiyo kama mnataka mtoto nendeni mkapange dawa kwanza.

Ishara za kuacha hapo hapo

Mdomo kwenda upande, mkono au mguu kuishiwa nguvu ghafla zaidi ya ilivyokuwa, maneno kuvurugika, jicho kutoona, kifua kubana, au kichwa kuuma ghafla kwa ukali ambao hujawahi kuuona hata kama kimekuja pale pale kileleni. Hapo ni hospitali usiku huo huo, tazama saa ilikuwa ngapi ilipoanza maana daktari atauliza. Usimpe chochote mdomoni, usimchanje, usimpeleke kwanza kwa mtu wa kutoa majini. Na daktari akiuliza mlikuwa mnafanya nini mwambie.

Hamu ikizidi, na hamu ya anayeuguza

Kuna kiharusi kinachogusa breki za tabia. Baba aliyekuwa mpole anaanza kutaka kila saa, anamshika msichana wa kazi, anasema maneno mbele ya wakwe. Familia inamwona kawa muhuni uzeeni. Ni ubongo, sio tabia, lakini ubongo kuumia hakumfanyi msichana wa kazi awe wa kushikwa. Mwambie kwa sauti tulivu na fupi "hapana, hiyo acha", badilisha shughuli, aogeshwe na mwanaume, msichana asiachwe naye peke yake, na mpelekeni kliniki mkaeleze, kuna msaada wa dawa na ushauri.

Na wewe unayeuguza. Kuna siku utakuwa umemgeuza, umefua, umebeba, na mwili wako hautaki kuguswa na mtu. Kuna hata miezi. Ndoa haikulazimishi, na ukijilazimisha yeye atajua na atajifunga zaidi. Kuna wanaosema wanaona kama wanalala na mzee wao wanayemlea, hisia hiyo wanayo wengi na mara nyingi hupungua kazi zikigawanywa na ukipata hata siku moja kwa wiki ya kutoka nyumbani, kwenda kwa dada, sokoni, kanisani, kwenye kikoba. Mwambie mwenzio ukweli wako mchana mkiwa mmekaa, sio kitandani baada ya kumsukuma mkono. Sema unachoweza kwa sasa: tulale pamoja, nikukumbatie, lile jingine nipe muda. Kama kuongea kunaishia kwenye ugomvi au machozi kila mara, ombeni kwenye kliniki hiyo hiyo mpangiwe mshauri nasaha au mtu wa ustawi wa jamii, hospitali za rufaa wanao, na nendeni wote wawili siku ileile ya kuchukua dawa ili nauli iwe moja.